Samaki wa Dhahabu Chini ya Jiwe

Haya si ya kale, ni ya juzi tu. Katika tangi la kioo sebuleni kwa Bi Nasra aliishi Dhahabu, samaki mwekundu mwenye mapezi mapana, pamoja na Sharubu, samaki mwembamba kama kamba ya kiatu, aliyeshinda chini ya jiwe. Kila Sharubu alipochungulia, Bi Nasra aliwahi simu akampiga picha. Dhahabu alijipitisha kutwa, hakupigwa hata moja. Wivu ukamkaba.

“We mnyoo, una nini cha kupigwa picha?”

“Sina kitu, ndugu yangu. Ni kwa kuwa hanioni kila siku.”

“Basi nipishe hilo jiwe!”

Sharubu akampisha. Dhahabu akajibana humo, mapezi yakichubuka, akingoja kutafutwa.

Siku zikapita. “Maskini, yule mwekundu atakuwa amekufa,” Bi Nasra akasema, akaenda kununua mwekundu mwingine. Alipomwachia tu tangini, akampiga picha.

Dhahabu akachomoka kwa hasira. “Mimi nipo!”

Bi Nasra akawatazama wote wawili, akakuna kichwa. Hakujua yupi ni yupi.