Taa za Mnazini

Tangu taa za njia panda ya Mnazini zianze kujua mapema nani atagongwa, damu haijamwagika tena pale. Kila asubuhi humwandikia mhusika kwenye simu kwamba leo asivuke. Asiyeandikiwa hutoka bila wasiwasi.

Mzee Mbwana, fundi cherehani, alikuwa ameshavaa viatu. Duka lake liko ng'ambo ya barabara. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo mkewe Mwanaidi ndiye humsomea.

"Haya, mama Hamadi, zinasemaje leo?"

Mwanaidi akaitazama simu. Haikuwa na ujumbe wowote, kama jana, kama mwezi mzima uliopita. Akaitupia jicho picha ya Hamadi ukutani, mtoto wao aliyegongwa palepale, enzi taa zilipokuwa hazijui kitu zaidi ya kuwaka na kuzimika.

"Usivuke, baba Hamadi."

"Leo tena?" Mzee akashusha pumzi, akakaa kitako. "Mwenye kanzu yake atakuwa ameshanichoka. Lakini tuseme kweli, taa hizi zinanijali kuliko hata ndugu zangu."

Mwanaidi akapiga magoti, akamsaidia kufungua kamba. Viatu havikuwa na vumbi hata chembe.