Namba Kumi na Moja

Asubuhi hiyo Papa Donat aliamka na nia moja tu: ashindwe. Akishinda tena, aliwaza, mtu atakufa.

Alikaa mezani, sebuleni kwa binti yake Hadassa huko Jette, Ubelgiji, akavaa miwani. Gazeti lilikuwa limekunjuliwa tayari kwenye ukurasa wa mbio za farasi. Karatasi ililegea kama kitambaa. Magazeti ya siku hizi, loo, hata karatasi wanabania.

Kuchagua farasi hakukumshinda. Alikuwa mtu wa takwimu kwenye ofisi ya reli Lubumbashi mpaka alipostaafu, na alijua cha kutazama: farasi kamaliza wa ngapi mbio zake za karibuni, anapenda uwanja mkavu au wa matope, kabeba uzito gani, kapandwa na nani. Kwa hesabu hizo ukipatia mara moja kati ya tatu, mshukuru Mungu. Yeye alipatia kila siku. Kila siku! Majina ya farasi wa jana yalikwisha kumtoka, na mzee gani angeyakumbuka? Lakini vigelegele vya Hadassa alivikumbuka vizuri, na kipande cha keki baada yake.

Hesabu haziendi hivyo, na hilo ndilo lililomtia hofu. Bahati isiyokosea hata siku moja si bahati, ni ulozi. Na ulozi hauridhiki na asante. Unataka mtu wa nyumbani.

"Hadassa, maman yako iko wapi?"

"Anapumuzika, papa," binti alijibu kutoka jikoni, bila kugeuka.

Ndivyo alivyojibiwa daima. Lakini alfajiri Donat alikuwa amepapasa kitanda chake: mto ulikuwa mmoja. Basi mkewe Mbombo amekwishachukuliwa. Na jana, au juzi, Hadassa naye alianza kukohoa.

Hakuthubutu kumwambia. Jambo kama hilo ukilitamka, unalikaribisha ndani.

Hadassa akaja akifuta mikono, akakohoa, akaketi ubavuni pake. "Bon, papa. Leo tunaweka nani?"

Macho ya mzee yalikwenda yenyewe kwa namba nne. Wa kwanza, wa pili, wa kwanza, wa kwanza. Na uwanja mkavu, anaoupenda. Hata mtoto angemchagua. Donat akakilazimisha kidole chake kishuke mpaka chini kabisa, kwa namba kumi na moja, aliyemaliza wa mwisho kila alikokwenda.

"Onze."

Hadassa akainamia gazeti. "Papa, angalia muzuri. Onze anakuwaka wa nyuma kila mara."

"Nimeona. Onze."

"Na quatre?" Hadassa akagusa namba nne.

"Quatre hapana!" Sauti ilimkatika. "Weka onze, mutoto wangu. Nakuomba."

Binti alimtazama sana, kisha akawasha televisheni. Huko Ostende jua lilikuwa linawaka na watu wamevaa mikono mifupi, ingawa dirishani hapa theluji ilikuwa inaanguka. Donat hakuwa na nafasi ya kuwashangaa watu wa pwani. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaomba kama hajawahi kuomba: Bwana, nishindwe.

Namba nne alichomoka, akamaliza peke yake. Namba kumi na moja alifika wenzake wakiwa karibu kuvuliwa matandiko.

"Nimeshindwa!" Mzee alirusha mikono juu, machozi yakimtiririka. "Hadassa, nimeshindwa! Asante, Bwana!" Akamvuta binti kifuani, akasikiliza pumzi yake. Hakukohoa hata kidogo. Amepona, mwanangu amepona.

Hadassa alijibandua polepole, akachukua gazeti na kurudi jikoni huku analia. Kwa furaha, bila shaka. Kupitia mlango uliokuwa wazi Donat, tabasamu bado usoni, alimsikia akimpigia simu kaka yake.

"Yaya Hénock? Ni miye. Papa ameikosa. Eeh, ile course ile ile ya kurekodi, ile gazeti ile ile yenye ninamupatia kila siku tangu maman alikufa. Quatre amemukatala, amechagua onze." Akavuta kamasi. "Bon, tulisema siku atamukosa quatre, ni kusema akili imeisha, hatabakia tena hapa. Pigia ile maison de repos, ile nyumba ya kutunzia wazee. Tunamuleta."