Aliyefika Kwanza

"Mpakieni huyu," Mwenyekiti Masoudi alisema, akimwonyesha Hajra.

Hajra alikuwa amelala kwenye machela nje ya zahanati ya kijiji. Uchungu ulimshika tangu jana yake na mtoto alikuwa amekataa kushuka. Hakuwa mwenyeji. Kwao ni Likunja, upande wa Ruangwa. Huku Nachingwea alikuja kumsaidia dada yake kuvuna ufuta, uchungu ukamkutia hukohuko.

Kwenye benchi la mlangoni alikuwepo mjamzito mwingine, Fatu, kanga imemlowa damu. Na bajaji ya kubebea wagonjwa ilikuwa moja, yenye kitanda kimoja.

"Mwenyekiti, Fatu naye hawezi kusubiri," alisema Nesi Kulthumu.

"Nani kafika kwanza?"

"Huyu mgeni. Lakini, Mwenyekiti..."

"Tulipoichangia hii bajaji tulikubaliana nini? Hakuna cha huyu ni wa fulani. Anayefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza."

Hajra alimwona Fatu akimtazama yule mzee. Hakulia, hakuomba. Mzee hakumtazama. Aliinama akashika machela upande wa kichwani, akampakia Hajra yeye mwenyewe, kisha akavua koti lake akamfunika nalo miguu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Ana roho ngumu mzee huyu, Hajra aliwaza, na leo ugumu wake ndio unaoniokoa mimi.

Mjini walimpasua. Mtoto akatoka mzima, wa kiume.

Mumewe alikuja kumchukua hospitali, wakarudi moja kwa moja Likunja. Siku dada yake alipopiga simu, Hajra alimuuliza habari za Fatu.

"Amefariki. Bajaji ilichelewa kurudi."

"Na mtoto wake?"

"Naye hakupona. Ukipata nguvu, uende kwa Mwenyekiti mwenyewe ukashukuru," alisema, kisha akaanza kuzungumzia bei ya ufuta.

Kidonda kilipofunga, Hajra alimfunga mtoto mgongoni, akachukua jogoo mmoja, akasafiri mpaka Nachingwea mjini. Pale alipanda bodaboda ya mtu wa kijiji kile.

"Bado mnagombania ile bajaji?" alimuuliza dereva njiani.

"Ilikuwa zamani, dada. Wenye ndugu wakubwa walikuwa wanapita mbele. Sasa hivi hata mkubwa anapanga foleni. Kwa alichofanya Mwenyekiti siku ile, nani atathubutu tena?"

Hajra akajua anasema habari zake yeye, mgeni asiye na mtu aliyepewa nafasi. Akaona aibu.

Walimkuta Mzee Masoudi barazani, ameketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mkewe, Bi Zena, alitoka ndani. Alipomwona mtoto alinyoosha mikono kabla hajasalimia. Alimpokea, akamnusa utosini, akaingia naye ndani. Punde wakamsikia akimbembeleza.

Hajra alibaki amesimama na jogoo wake.

"Baba, nimekuja kushukuru. Bila wewe huyu mtoto asingekuwepo, na mimi nisingekuwepo. Ila moyo haujatulia. Kila nikimnyonyesha namwona Fatu pale kwenye benchi."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nilitaka kujua," Hajra aliendelea, "kama alikuwa na wazazi. Niende nikawape pole. Hata wakinifukuza nitakuwa nimekwenda. Naomba unielekeze nyumba yao."

Ndani, sauti ya Bi Zena ikakatika.

Mzee Masoudi alijisogeza pembeni, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umeshafika."