Wati Kumi Zilizopotelea Njiani

Friji la chanjo liliguna, likanyamaza, likaguna tena. Kipimajoto kilisoma nyuzi saba. Zikifika nane, nesi Veneranda angekuwa na chanjo za kutupa na kina mama wa vijiji vitatu wa kuwarudisha makwao.

Zahanati yake iko ufukweni, mbele ya kijiji cha Mwamgongo, na siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka. Hakuna boti iliyothubutu kwenda Kigoma kutafuta msaada. Oswald, fundi aliyefunga umeme wa jua, alikuwa ameandika namba yake kwa kalamu ubavuni mwa friji, na kitambaa cha usafi kilikuwa kimeshafuta nusu yake. Veneranda aliisoma kwa kukisia, akapiga.

Akapokea mwanamume. Alianza kusema kitu, lakini Veneranda hakumpa nafasi. Alimweleza habari za friji, za nyuzi saba, za watoto wanaokuja kuchanjwa kesho asubuhi.

"Haya, dada," akasema yule mtu. "Twende taratibu. Hapo mbele yako kuna nini?"

Kulikuwa na kipimo cha umeme kwenye droo. Alipima, akamsomea: kwenye betri volti 12.4, kwenye friji volti 10.

"Mbona hazilingani?"

Veneranda alimkumbuka mwalimu wake wa fizikia, ambaye hakuwahi kujibu swali ila kwa swali. Akasema kwamba volti 2.4 zinapotelea njiani, kwenye waya.

"Huo waya una nini?"

Akavuta karatasi na kalamu. Kioo cha kifaa cha kuchajia betri kilionyesha mkondo wa ampea 4. Mbili nukta nne, gawanya kwa nne: ukinzani wa omu 0.6. Waya mfupi namna ile haukustahili kuwa hata na robo yake. Kisha akazidisha volti 2.4 kwa ampea 4. Kati ya wati hamsini zilizotoka kwenye betri, karibu kumi hazikuwa zikifika kwenye friji.

"Hizo kumi zinakwenda wapi?"

Veneranda alitazama namba zake.

"Zinageuka joto," akasema, akaiweka simu mezani.

Alipapasa waya kuanzia kwenye betri. Ulikuwa baridi hadi nyuma ya kabati, ambako, chini ya utepe mweusi, palikuwa pa moto kama kikombe cha chai. Akazima swichi, akabandua utepe. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zilikuwa zimelegea na kuota kutu ya kijani. Akazikwangua kwa kisu, akazikaza kwa koleo, na kwa kuwa hakuwa na utepe mwingine, akazifunga kwa plasta ya vidonda. Alipowasha, friji likanguruma na halikunyamaza tena.

Kesho yake, baada ya kumchanja mtoto wa mwisho, alipiga simu kushukuru. Akasema tangu aanze shule hajapata mtu wa kumwelewesha hesabu namna ile, akauliza fundi atakuja lini kuweka waya mpya.

Yule mtu alicheka kwa aibu.

"Nilitaka kukuambia mwanzoni, dada, ukaniwahi. Ulipotaja watoto nikashindwa kukata simu. Mimi nashona nyavu hapa Katonga. Hizo ampea nimezisikia mara ya kwanza kwako jana."