Kibuyu Kilichokunywa Sabuni

Mtindi wa Bi Nashipae ulinuka sabuni. Mkwe wake mpya, Repeta, alikuwa ameosha kwa sabuni vibuyu vya kugandishia maziwa, kwa nia njema, asijue kwamba ndani husafishwa kwa kijinga cha moto tu.

Nje wateja walishafika na chupa zao.

"Mama, tutie sukari. Hawatajua," Repeta alinong'ona.

"Mimi nitajua. Kibuyu kikishanywa sabuni hakirudi. Niletee shoka."

Akamwaga mtindi wote mbele ya wateja.

"Kwa hiyo leo ni chai ya rangi?" mzee mmoja alimtania.

"Ya rangi, mpaka vibuyu vipya vikauke."

Hakuna aliyekwenda kwa muuzaji mwingine.

Vilipasuliwa vibuyu vitatu. Kimoja Bi Nashipae aliachiwa na marehemu mama yake, na ndicho alichokipasua kwanza.