Mikia Sita ya Kamba

Wanyama wa Kilimamawe walipima kamba kwa mkia, kila mmoja kwa wake. Pimbi, ambaye hana mkia, aliwakatia wote fito za urefu mmoja. Ngiri, msuka kamba, akacheka.

"Bi Pimbi, utatufundisha vipimo nawe huna hata mkia? Mkia ni mkia, bibi wee!"

Siku moja mwanawe Ngiri akatumbukia kisimani. Mbega akachungulia, akakadiria kina kwa mkia wake mrefu, akapiga ukelele: "Ngiri! Suka mikia sita, upesi!"

Ngiri akasimamisha mkia apimie kama desturi yake, akasuka sita, ya kwake, akaja mbio. Kamba ikaishia katikati ya kisima, na chini mtoto analia, maji yamemfika kidevuni.

"Nilisema sita!" Mbega akafoka.

"Na hii si sita?" Ngiri akajibu.

Pimbi akampa Ngiri ufito. "Mkia wa Mbega ni fito mbili. Unga zitimie kumi na mbili, Bwana Ngiri."

Ngiri akaunga, akihesabu kwa sauti, na mtoto akatoka.

Hadi leo Ngiri akikimbia husimamisha mkia, maana mazoea yana taabu. Lakini kupimia, haupimii tena.