Biskuti ya Matroni

Ukumbi wa mji ulijaa. Watu walibishana iwapo shule ya bweni, iliyowachukua watoto wa msituni kwa nguvu, ichunguzwe au iachwe pamoja na wafu wake.

"Yaliyopita si ndwele," alisema Matroni Perpetua, mzee sasa, kutoka meza ya mbele. "Tuliwalea kama wanetu. Hata biskuti tuliwapa."

Baadhi walipiga makofi. Mwanamke mmoja, Chepsoi, akainuka kutoka viti vya nyuma, akaenda hadi mezani, akafungua pindo la kanga na kuweka kipande cha sabuni ya mche.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Felista, mwanangu!"

"Felista ni jina lenu. Mimi ni Chepsoi. Waambie watu kwamba biskuti yenyewe ndiyo hii. Ukisema lugha ya mama yako, unaitafuna wenzako wakitazama. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, Kiswahili kikampotea. Aliomba maji kwa lugha yetu, ukampa biskuti. Hakuamka."

"Ilikuwa adabu tu. Sabuni haiui mtu."

"Basi kula."

"Mama, tafadhali," alisema mwenyekiti. "Huyu ni mzee."

"Najua. Nimemwomba Mungu kila siku amtunze afike leo, na meno yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Midomo ya Matroni ilikuwa imekauka. Akanyoosha mkono kwenye glasi ya maji. Chepsoi akaiwahi, akaivuta upande wake.

"Omba," akasema. "Kwa lugha yetu."

Mkono wa Matroni ulibaki hewani, juu ya sabuni.